Kikohozi cha Bi Zulfa na Kontena la Taka

Kontena la taka lilishushwa mbele ya nyumba ya marehemu Bi Zulfa, Shangani, Jumamosi saa mbili kasoro robo asubuhi, likaziba nusu ya njia. Lilikuwa la kukodi, la kijani kilichobanduka, na lilitakiwa kuondoka saa kumi jioni. Godfrey, msimamizi aliyekuja nalo, aliweka jiwe chini ya pembe iliyoinama, akatoa karatasi iliyotiwa plastiki, akawasomea wenye nyumba.

"Haviruhusiwi: matairi, betri, rangi, salfa na dawa nyingine za mikorosho, majivu yenye moto, mizoga, na kitu chochote cha majimaji. Vingine vyote, twende."

Wenye nyumba walikuwa wawili, ingawa kwenye hati ya kiwanja alikuwa mmoja. Nuhu, mtoto wa kwanza wa Bi Zulfa, alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam juzi yake. Mdogo wake Mwasiti hakuwa amekuja kutoka popote. Alikuwa humo humo ndani kwa miaka kumi na mmoja, akimwuguza mama yao. Siku ya kupimiwa kiwanja Bi Zulfa hakuwa na kitambulisho, basi Nuhu akasema aandikwe yeye kwa muda, ili mambo yasikwame. Muda huo ulikuwa bado haujaisha. Sasa nyumba ilikuwa imeuzwa kwa mtu aliyetaka kujenga hoteli ndogo ya kutazama bahari, na makubaliano yalisema akabidhiwe Jumatatu, ikiwa tupu. Mwasiti alikuwa amepata chumba cha kupanga Chuno.

Tatizo ni kwamba chumba cha nyuma kilikuwa na kikohozi.

Kilianza siku moja baada ya arobaini. Kwenye arobaini yenyewe Amiri, dereva wa bajaji wa jirani, Myao wa Masasi na kwa hiyo mtani wa Wamakonde wa nyumba ile, alitimiza wajibu wake. Alijifunga kanga ya marehemu, akashika kiuno, akazunguka ua mzima akikohoa kama yeye, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Aliigiza vizuri mno. Kesho yake kikohozi kiliposikika chumbani na habari kumfikia Nuhu, Nuhu alimpigia Amiri simu kumwambia kwamba utani una mwisho wake. Amiri akajibu yuko Mikindani na abiria. Ikabidi kikubalike kuwa ni cha marehemu mwenyewe.

Mwasiti hakuwahi kuwa na shaka. Alikijua kikohozi cha mama yake kuliko alivyojua sauti yake mwenyewe. Asubuhi kilikuwa cha majimaji, kizito, cha kutokea chini ya mbavu. Baada ya adhuhuri kilikuwa kikavu, kifupi, mara tatu tatu. Kila jioni alikipelekea chai ya tangawizi, na asubuhi alikuta kikombe kitupu. Alikipenda. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu siku ile nzima hakuna aliyemwuliza.

Vibarua wa Godfrey walianza na kitanda, kwa matumaini kwamba kikohozi kingeondoka nacho. Hakikuondoka. Wakatoa godoro, wakatoa mto wa sufi, wakatoa kabati lililokosa mlango. Kikohozi kilibaki pale pale chini ya dirisha, futi mbili kutoka sakafuni, kimo cha mtu aliyelala. Kibarua mmoja alisema pole bibi, akaendelea kukunja zulia.

"Na hicho mkitoe," Nuhu alisema.

Godfrey aliisoma karatasi yake kuanzia juu hadi chini, akaigeuza, akakuta upande wa pili mtupu.

"Kikohozi hakimo humu, mzee."

"Kama hakimo, si kinaruhusiwa?"

"Hakijakatazwa. Kuruhusiwa ni jambo jingine." Akapiga simu ofisini na kuweka sauti kubwa ili wote wasikie. Mwanamke aliyepokea aliuliza swali moja tu: kikavu au cha majimaji?

"Asubuhi cha majimaji," Mwasiti alijibu, kwani hakuzoea kusema uongo kuhusu maradhi. "Mchana kinakauka."

"Basi subirini kikauke," simu ikasema. "Cha majimaji dampo hawapokei."

Iliamuliwa kwamba saa tisa, kikiwa kikavu, kizolewe kwa turubai, kama wanavyozoa vumbi la saruji. Nuhu akaenda kivulini kujibu simu za mnunuzi. Mwasiti akabaki amekaa kwenye sakafu ya chumba kilichokuwa na alama nne za miguu ya kitanda. Alifikiria dampo. Alimfikiria mama yake akikohoa kule katikati ya kunguru na mifuko ya plastiki, bila mtu wa kumwinua mgongo, na moyo ukamuuma hasa, maumivu ya kushikika kwa mkono. Akajilaumu kwa kusema ukweli.

Adhuhuri iliadhiniwa. Kikohozi kikaanza kukauka, mara tatu, kimya, mara tatu.

Ndipo Mwasiti alipovuka kwenda kwa jirani mwenye friji, akarudi na jagi la maji na barafu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amemnyima mama yake maji ya baridi. Waligombana juu yake kila wiki. Kuna Idi moja alimpokonya bilauri ya juisi ya ukwaju mbele ya wageni, na Bi Zulfa akamnunia siku nne. Sasa alilishika jagi kwa mikono miwili, akalisogeza chini ya dirisha.

"Nisamehe, mama," alisema. "Kunywa yote."

Maji yalishuka kwenye jagi. Yalishuka polepole, kisha haraka, na pale chini ya dirisha pakasikika pumzi ndefu ya mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kuyapata.

Saa tisa Godfrey aliingia na turubai. Akavua kofia, akachuchumaa, akasikiliza. Kikohozi kilikuwa cha majimaji hasa, kilichojaa, kinachokoroma. Godfrey aliliona jagi na vipande viwili vya barafu ndani yake. Akalisukuma kwa mguu mpaka nyuma ya mlango, akasimama.

"Majimaji," alisema, akaandika.

"Saa saba kilikuwa kikavu!" Nuhu alikuja juu. "Nimekisikia kwa masikio yangu!"

"Mimi napakia kilichopo saa hii, mzee."

Nuhu alitazama saa, akatazama dirisha, akamtazama mdogo wake. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu mwenye haraka, na ndivyo alivyokuwa tangu utotoni.

"Kichukue wewe," alisema. "Umekizoea. Hicho sitakudai."

Mwasiti alisema asante, na alimaanisha. Nyumba ilikwenda kwa kaka, kikohozi kikaja kwake, na pale uani pote hakuna aliyeona kwamba kulikuwa na jambo la kusuluhishwa. Kontena likavutwa juu ya lori, mlango wa kabati lililokosa mlango ukapatikana chini yake, ukatupiwa ndani.

Amiri ndiye aliyewahamisha. Mwasiti alikaa upande mmoja wa kiti cha nyuma na furushi lake mapajani, upande wa pili akauacha wazi.

"Bibi, shika chuma hicho," Amiri alisema. "Njia ya Chuno ina mashimo." Walipofika lami akageuza shingo. "Mtani wangu wewe ni mvivu. Hata kufa kumekushinda!"

Kiti cha nyuma kikakohoa kwa muda mrefu, kwa kukatika katika, na wote wawili mbele na nyuma walijua kuwa anacheka. Mwenye chumba kule Chuno aliwafungulia, akauliza mgonjwa anapendelea kulala upande gani. Mwasiti akaomba upande wa dirisha, akabandika sufuria ya tangawizi.

Jumapili jioni Nuhu alipiga simu kusema amefika salama. Alikuwa akieleza habari za foleni ya Mbagala kikohozi kilipomfikia kwenye simu.

"Mama bado anakohoa hivyo?"

"Bado, kaka."

"Hapana, Mwasiti, hivyo sivyo. Mpeleke hospitali. Mtu hawezi kuachwa tu akikohoa namna hiyo." Alisikika kuumia kweli. "Ningekuja mwenyewe, ila mwezi huu nimebanwa."

"Sawa, kaka."

Jumatatu alfajiri, wakati mafundi wakianza kung'oa bati kule Shangani, Mwasiti alitoa daftari la matibabu la mama yake, akafunga mlango wa chumba, wakaenda zahanati. Walikuta watu kumi na wawili mbele yao. Akachukua namba mbili za foleni, yake na ya mama yake, wakakaa.