Umeme wa Mwalimu, Barafu ya Shemeji

Wageni waliohamia kisiwani kwa kazi za mkataba walikuwa na wimbo mmoja tu: kisiwa ghali. Maziwa ya kopo ghali, betri ghali, sabuni ghali, na ukiuliza kwa nini, jibu ni lilelile, kila kitu kinakuja kwa meli. Haya, meli tunaijua. Lakini kuna vitu ambavyo havijapanda meli hata siku moja na bado bei yake inamtoa mtu machozi. Kimoja kilikuwa umeme wa mwalimu wa hesabu, yule mama mgeni aliyepanga ghorofa ya juu kwa Mwenye Barafu.

Fundi aliyeitwa kuutazama umeme huo alikuwa mwanamke, na mtaa mzima ulimwita Mama Baridi kwa sababu alitengeneza friji na viyoyozi. Jina alipewa kwa kazi, si kwa tabia, maana kwa tabia alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwenye Barafu alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na chumba cha chini cha nyumba hiyohiyo ndicho alichokifanya karakana tangu afiwe. Karatasi ya mkataba wa chumba hakuwa nayo. Alikuwa na neno la shemeji tu, na neno hilo shemeji alikuwa akilikumbushia kila alipotaka jambo lake.

Asubuhi hiyo alikuja nalo tena, kikombe cha chai mkononi.

"Shemeji, yule mpangaji wa juu ananisumbua. Eti anaweka uniti leo, keshokutwa zimekwisha. Panda ukamtazamie, halafu umwambie kiyoyozi kimechoka, ndicho kinachokula umeme. Anunue kingine."

"Kiyoyozi hicho nimekifunga mimi mwaka jana. Kimechoka lini?"

"We mwambie tu! Wale wamezoea. Kisiwa ghali, kila kitu kinakuja kwa meli." Akacheka, akapiga funda la chai. "Na hiki chumba nacho, siku hizi watu wananiuliza bei kila kukicha. Mimi nawaambia hapana jamani, yumo shemeji yangu."

Mama Baridi alielewa vizuri sana. Alichukua mkoba wake wa vifaa akapanda ngazi, na kila kipandio alikisindikiza kwa msonyo.

Kule juu alikuta madirisha yamefunguliwa yote na kiyoyozi kimezimwa. Mlango wa friji ulikuwa wazi, ndani mna chupa ya maji na nusu ya kitunguu. Mwalimu alikuwa na sanduku kitandani, nguo zimeshaingia nusu.

"Unasafiri, mwalimu?"

"Naacha kazi, mwisho wa mwezi." Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, lakini kilitembea. "Kiyoyozi sijakiwasha miezi mitatu. Kahawa nimeacha. Baiskeli nimeuza. Na bado nusu ya mshahara inaingia kwenye ile mita. Wenzangu wananiambia ndivyo kisiwa kilivyo, nizoee. Mimi nafundisha watoto wa watu hesabu, na hii yangu imenishinda. Ni aibu."

Alisema hivyo huku anatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomuuma Mama Baridi. Mtu anaibiwa, kisha anaona aibu yeye!

"Hebu zima kila kitu," alisema. "Taa, friji, jiko, hata chaja ya simu."

Mwalimu alizima. Wakatoka wote wawili hadi kwenye kisanduku cha mita, pale ngazi zinapokata kona. Kitaa chekundu cha mita kilikuwa kinakonyeza mbio mbio, hakipumziki.

"Una hakika umezima vyote?"

"Vyote."

"Sasa hiki kinamkonyeza nani?"

Alifungua kifuniko kwa bisibisi. Waya wa mwalimu aliuona, huo hapo. Chini yake alikuta mwingine, mnene, mweusi, umeingizwa kwenye tundu la ukuta na kuzibwa kwa saruji. Mama Baridi hakuhitaji kuambiwa ulikokwenda. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na mashine ya barafu ya shemeji, ile inayogandisha mabonge ya kuuzia mahoteli, na mashine hiyo aliifunga yeye mwenyewe. Alimwambia shemeji siku ileile kwamba waya wa nyumba ni wa zamani, mwembamba, hauiwezi, atafute laini yake. Shemeji akajibu usijali, nitalishughulikia. Kumbe alilishughulikia kweli!

"Ni kiyoyozi?" mwalimu aliuliza. "Mwenye nyumba amesema huenda ni kiyoyozi."

Hapo tusidanganyane, Mama Baridi alisita. Kukifunga kile kisanduku na kusema ndiyo ni jambo la dakika moja. Aliiona meza yake kule chini, mitungi yake ya gesi, friji tatu za watu zinazongoja, na dari isiyovuja. Aliogopa, na alijua anaogopa. Halafu akafikiria kiyoyozi chake, alichokifunga kwa mikono yake, kinasingiziwa wizi. Hasira ikapanda hadi utosini.

"Kiyoyozi changu hakina kosa," alisema, na akaishusha swichi ya mita.

Mashine iliyokuwa ikinguruma nyuma ya ukuta tangu alfajiri ikanyamaza. Sauti ya mfanyakazi ikasikika, "Umeme umekatika!" Lakini redio ya jirani iliendelea kuimba bila wasiwasi. Mwalimu alitazama swichi, akatazama ukuta.

Shemeji alipanda ngazi mbili mbili.

"Nani amezima?"

"Mimi."

"Washa!"

"Niwashe umeme wa nani, shemeji?"

Shemeji alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akamgeukia mwalimu, sauti imelainika ghafla. "Mwalimu, usimsikilize huyu, haya ni mambo ya kifundi, hutayaelewa..."

"Miezi minane," mwalimu alisema polepole. "Nimelipa miezi minane tangu nihamie, na mitatu nimelala na jasho, ili wageni wa hoteli wanywe baridi."

"Shemeji," alinong'ona Mwenye Barafu, "tuyamalize kifamilia."

"Kifamilia ni mimi na wewe. Huyu aliyekuwa analipa ameingia familia yetu lini?"

"Basi toa vyombo vyako! Leo hii hii, nisikukute!"

"Natoa. Ila kwanza nimalize kazi uliyonituma." Akatoa koleo mkobani, akaukata ule waya mweusi, kah! Kipande alimkabidhi mwenye nyumba mkononi.

Mpaka jioni karakana ilikuwa tupu. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alimsogezea nafasi chini ya turubai lake, wakabanana humo, friji kwa kandambili. Mvua zilikuja wiki hiyohiyo. Turubai lilivuja, wateja wakapungua, na siku aliyokuta mota ya mtu imelowa Mama Baridi alilia, alilia hasa, mbele za watu. Fundi viatu akamuuliza kama anajuta.

"Najuta kutomkatia na kikombe chake cha chai," alisema, akafuta kamasi, akaendelea kukausha mota.

Mwalimu hakuondoka. Kodi alishalipa ya mwaka mzima, kwa hiyo shemeji alibaki kununa tu. Uniti za siku mbili sasa zilimtosha karibu wiki mbili. Kila jioni alipita turubaini, anakunywa kahawa na kuwatangazia wote wawili mita imesomaje, kwa furaha ya mtoto aliyepata zawadi.

Na mashine? Shemeji aliiunganisha kwenye ule waya mwembamba wa nyumba, kwa ujuaji wake. Wiki ya tatu Mama Baridi aliona maji yanachuruzika kutoka ghala la barafu la shemeji, yanavuka barabara, yanamfikia miguuni. Maji ya baridi kabisa.

"Kompresa imeungua, moyo wa mashine," alimwambia fundi viatu, bila hata kuinuka.

Fundi mwingine alikuwa ng'ambo ya maji, na hakukuwa na boti hadi Alhamisi. Kabla ya saa sita shemeji alikuwa amesimama mbele ya turubai, suruali imelowa hadi magotini.

"Shemeji, tusameheane. Undugu haufi."

"Nimekusamehe zamani. Kazi ni hii." Akamtajia bei.

"Ala! Mara tatu?"

"Kisiwa ghali, shemeji. Kompresa inakuja kwa meli."

"Mimi si mgeni!"

"Mwalimu naye hakuwa mgeni alipokuwa anakugandishia barafu. Na kabla sijashika bisibisi, uniti zake za miezi minane kwanza."

Shemeji alitweta, akatazama maji yanavyokimbia barabarani, akachomoa bunda la noti na kumsukumia. Mama Baridi aliificha mikono nyuma ya mgongo.

"Usinipe mimi. Ngazi unazijua."

Akapanda. Mtaa ulikuwa umenyamaza kusikiliza, na kupitia madirisha yaliyo wazi sauti yake ilisikika, ndogo, ya mtu asiyewahi kubisha mlango katika nyumba yake: "Hodi, mwalimu."

Ndipo Mama Baridi alipoinua mkoba. Alifanya kazi mpaka alasiri, akafunga kompresa aliyokuwa ameiweka akiba, akavuta laini mpya, nene, moja kwa moja kwenye mita ya shemeji mwenyewe, na mashine ikanguruma vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Kazi mbovu asingeifanya hata kwa adui.

Shemeji alimlipa, kisha akamnyooshea ufunguo wa chumba cha chini. "Rudi basi. Mvua hizi zitakuua."

Mama Baridi aliupokea. Dari ile kavu aliitamani mno.

"Nitapata karatasi ya chumba?"

"Karatasi ya nini tena, shemeji? Sisi si ndugu?"

Aliutundika ufunguo kwenye mpini wa mashine ya barafu, akavuka barabara. Fundi viatu alikuwa ameshamsogezea stuli upande usiovuja.