Mzee Kochi Hujibu Wote

Katika duka la dobi, mpiga pasi mdogo alikuwa na kazi ya pili isiyo na mshahara: kumsomea mwenzake maswali ya kundi la mtandaoni ambamo watu wasiojuana huulizana lolote, kuanzia rangi ya pazia hadi mkwe mkorofi.

"Dada, mwone huyu Mzee Kochi. Anajibu kila mtu, tena hana dharau. Mume wa hivi anauzwa wapi?"

Mwenzake aliitazama picha ya Mzee Kochi. Ilikuwa ya mkono wa kochi ulioungua, na alama yenyewe ilikuwa na umbo la pasi. Alama ile aliiweka yeye, sebuleni kwake. Mumewe, fundi makochi, aliahidi kubadilisha kitambaa, akaacha kulizungumzia kochi, kisha akaacha kuzungumza.

Jioni, mumewe akiwa ameketi mbele yake na simu mkononi, naye alijiunga na kundi lile kwa jina la kubuni. Alitaka kujua kama mumewe atamtambua. Akimtambua, angebaki.

Aliandika ukweli mtupu: "Mume wangu si mlevi, hanipigi, na ndani hakukosekani kitu. Ila hanisemeshi. Nashinda kwa dobi nikipiga pasi, nikirudi haulizi nimeshindaje. Nikiongea, anaguna. Nifanyeje?"

Alimwona akisoma. Alimwona akitabasamu, vidole vikikimbia.

"Pole sana, dada yangu. Huyo alishaondoka, kimebaki kiwiliwili. Usijizeeshe bure. Nenda kwa ndugu zako ukapumzike. Na wewe mwenyewe unapenda nini? Tuambie, tukufahamu."

Alisoma swali la mwisho mara mbili, kisha akainua macho.

"Unacheka nini?"

"Watu tu."

"Watu gani?"

Aliguna. Baadaye akasema, bila kuinua kichwa, "Kuna mama ana mume bubu. Nimemwambia aondoke."

"Anafanya kazi gani, huyo mama?"

"Sijui. Kasema, lakini nimesahau."

"Na kama mumewe ana sababu?"

"Sababu gani? Mwingine kaolewa na ukuta, basi."

Mtu mwingine alikuwa ameuliza kuhusu godoro, na fundi alikuwa ameshaanza kumjibu. Mkewe alikwenda chumbani, akakunja nguo zake kwa mikunjo ya dukani. Alipopita sebuleni na begi, fundi alisogeza miguu ampishe.

Wiki iliyofuata, mpiga pasi mdogo alisimamisha kazi.

"Dada, masikini Mzee Kochi. Mkewe kamkimbia. Kasema hakuona dalili yoyote. Watu wanamlaani huyo mwanamke, acha tu. Ungekuwa wewe, ungemwambiaje?"

"Nionyeshe."

Alisoma taratibu, mpaka chini. Watu wengi walikuwa wamempa Mzee Kochi pole, naye alikuwa amemjibu kila mmoja kwa maneno tofauti.

Akarudisha simu, akachukua shati lililofuata.