Uwanja Uliofagiwa

Askari wa hifadhi aliposhuka garini na kuona uwanja wa mama mkwe wake, alinywea. Ulikuwa umefagiwa ukang'aa. Mistari ya ufagio ilianza mlangoni ikaenda hadi kwenye ghala lililolala ubavu, na hapakuwa na unyayo hata mmoja wa tembo. Alipompigia simu asubuhi kusema anakuja na afisa wa fidia, hakukumbuka kumwambia asifagie.

"Karibuni," mama mkwe alisema, akifuta viti kwa upindo wa gauni. "Niliposikia anayekuja ni mkwe wangu, nikasema hanikuti na uchafu. Hata kinyesi chao nimekizoa chote."

Afisa wa fidia hakukaa. Alilizunguka ghala mara moja, askari nyuma yake, akafungua fomu. Swali la kwanza lilidai upana wa unyayo.

"Sasa hapa nipime nini, bibi? Ufagio?"

"Walikuwa watatu, baba. Mahindi ya mwaka mzima wameyamaliza. Hata mbegu hawakubakiza." Akaingia ndani kuwatafutia maji.

"Pengine ni wezi. Askari, mtaalamu wa nyayo ni wewe. Unaona kitu?"

Askari aliuma midomo. Juzi jioni aliwaona kwa macho yake, jike kubwa mbele na wawili nyuma, wakitoka kwenye nyasi ndefu za bondeni kuelekea mtaro wa mpaka kati ya hifadhi na kijiji. Fataki ya kuwarudisha ilikuwa mkononi. Redio ikakoroma kwa sauti ya afisa huyu huyu, mkubwa wake kazini: asilipue, magari matano ya wageni yako kilimani, wanapiga picha, jua linazama vizuri. Naye akairudisha fataki mfukoni. Kuyasema hayo leo ni kumvua mkubwa nguo hadharani, na kibarua kingeota nyasi kabla ya wiki kwisha.

"Sioni kitu, afande."

Akaambiwa atie sahihi kama shahidi kwamba hapakuwa na dalili ya tembo. Akatia.

Afisa alipotangulia garini, mama mkwe alitoka ndani, akamkalisha mkwe wake kitini na kumpa maji kwa mikono miwili.

"Umetuandikia vizuri, baba?"

"Nimeandika, mama."

"Mungu akuweke. Nilijua tukiwa na mtu wetu huko, wajukuu hawalali njaa."

Aliyanywa yote bila kuinua uso. Chini, kutoka ghalani hadi alipokaa, nyayo za buti zake zilionekana wazi, moja baada ya nyingine.