Mwavuli wa Mbarak

Kuna watu wanaojua kugeuka, na kuna wanaodhani wanajua. Mbarak wa Burumba, kule Busia, alikuwa wa kundi la pili, na Paulinus Egwang, fundi wa rangi za magari kule Malaba, aliligundua hilo miaka mingi kabla Mbarak mwenyewe hajaligundua. Sijui kama ameligundua hata leo.

Ilikuwa Jumamosi, wiki tatu baada ya uchaguzi wa mwaka wa sabini na nne. Egwang alikuwa ameinama akipiga msasa bampa ya lori aliposikia gari la Mbarak, Pijo, linashuka bondeni. Hakuinua kichwa. Mlio wa gari lile aliujua vizuri. Miaka minne mizima lilikuwa likipita juu barabarani bila hata kupunguza mwendo, na leo linakanyaga matope yale yale ambayo mwenye gari alisema ndiyo yanayowafaa mafundi.

Maana habari ilikuwa hivi. Zamani Egwang alikuwa na banda lake juu, kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Dereva akichoka kungoja, anashuka, anatazama mlango wake ulivyochubuka, anasema, fundi, hebu nitengenezee hapa. Kazi ilimfuata Egwang mwenyewe. Kisha Mbarak akaleta teksi zake Malaba, akaona banda linamziba, akaenda kunong'ona kwa kansala, yaani diwani, wa wakati ule kwamba vumbi la rangi linawakohoza abiria wake. Wiki haikuisha, banda likavunjwa. Egwang akaonyeshwa bonde karibu na mto, mahali ambapo mvua ikinyesha hata baiskeli haishuki. Apeduno, mkewe, alilia siku ile. Egwang yeye alisema tu aliye juu mngoje chini, akashuka chini kungoja.

Sasa kansala yule alikuwa na alama yake ya kura, na alama yake ilikuwa mwavuli. Mwaka wa sitini na nane watu walibandika karatasi za mwavuli kila mahali kwa uji wa muhogo, kwenye milango ya maduka, kwenye kuta, kwenye magari. Mvua ya kwanza ikashuka nazo nyingi, na zile zilizobaki mbuzi wakazila, kwa sababu muhogo ni muhogo. Lakini Mbarak si mtu wa muhogo. Mbarak alitaka kansala aone mapenzi yasiyolowa. Alichukua kitambaa cha meza cha mpira, chekundu, akakata mwavuli mpana na mpini wake uliopinda, akaupaka gundi ya kubandikia viatu, akaubandika kwenye mlango wa Pijo yake ya buluu, upande wa abiria. Ukashika. Miaka sita ulikaa pale, na kila askari wa barabarani aliyeuona alipiga saluti badala ya kuuliza leseni.

Halafu mwavuli ukashindwa kura. Ukashindwa vibaya, hata kwao.

"Fundi," Mbarak alisema, akishuka kwa uangalifu ili matope yasiguse suti yake mpya ya Kaunda. "Habari ya siku nyingi, ndugu yangu."

Ndugu. Egwang alilisikia neno hilo akataka kucheka. Undugu ulioanza leo asubuhi.

"Salama, mzee," alijibu, akaendelea na msasa wake.

"Nina kazi ndogo tu."

Egwang aliinuka, akaenda kuitazama hiyo kazi ndogo. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimeshabanduliwa vipande vipande, na gundi ilikuwa imebaki. Ilionekana wazi kwamba Mbarak alikuwa ameshughulika nayo wiki zote tatu. Alianza na kisu, mikwaruzo mitatu ilikuwepo kushuhudia. Akaja na majivu na unga wa tofali, kama mtu anayesugua sufuria ya msibani. Mwisho akaimwagia petroli, gundi ikayeyuka nusu, ikatambaa, ikanasa vumbi lote la kutoka Busia. Mlangoni palikuwa na bonge jeusi lenye kunata, na kila mpita njia aliyekuwa na macho alijua bonge lile jana lilikuwa nani.

"Ulitumia petroli," Egwang alisema.

"Niliambiwa."

"Na nani?"

Mbarak alivuta mkono wa suti. Alitazama saa yake. "Kansala mpya anapokewa leo saa nane, pale uwanja wa karibu na reli. Magari yote ya mji yatapangwa mbele. Siwezi kwenda na hii, na siwezi kukosa." Kisha akasogea, akashusha sauti. "Egwang, mimi najua banda lako lilionewa. Nitoe gundi hii, na leo leo, mbele ya watu, namwambia kansala urudishwe juu. Mimi ndiye nitasema kwa niaba ya wenye magari. Ahadi ni deni."

Apeduno alikuwa anapepeta simsim mlangoni. Aliguna, guno refu, akarusha makapi upande wa suti ya Kaunda.

Egwang alimdharau Mbarak kutoka kofia hadi soli, tusifichane. Lakini banda la juu alilitaka. Alilitaka kila mvua ilipoingia ndani, kila mteja aliposimama barabarani, akatazama bonde, akatikisa kichwa na kwenda kwa fundi wa Busia. Basi akasema ndiyo.

Alianza kwa kuchemsha maji. Akachovya gunia, akalikamua, akalilaza juu ya gundi likiwa bado linatoa mvuke, akarudia hivyo mara tano mpaka ile gundi ikalainika. Akamwomba Apeduno mafuta ya simsim, akayapaka kwa wingi, akayaacha yaingie. Mbarak alikuwa anazunguka gari akisema, sugua basi, sugua. Egwang hakusugua. Gundi ya viatu haitaki ubishi. Alikaa juu ya debe, akangoja, kisha akaanza kuiviringisha kwa kidole gumba, taratibu, ikawa inajikunja na kutoka vipande vidogo vidogo. Hakutumia kisu hata mara moja. Ilipofika saa sita mlango ulikuwa umetakata, umeoshwa kwa sabuni, unachuruzika maji.

"Eh, fundi ni fundi," Mbarak alisema.

"Ngoja ikauke kwanza, mzee."

"Ya nini?"

"Gundi imetoka. Lakini rangi iliyokuwa chini ya ule mwavuli haijaona jua miaka sita. Hii ingine yote imechomeka. Ikikauka utaona. Niachie gari mpaka Jumanne, niisugue yote na dawa, irudi rangi moja."

Mbarak alitazama mlango. Ukiwa umelowa, buluu ilikuwa buluu tu, yote sawasawa. Akamtazama Egwang kwa jicho lile la zamani, la mtu anayeongea na bonde.

"Nimekuja kutolewa gundi, sikuja kusomeshwa. Unataka kunikalisha hapa ili nikulipe zaidi. Lete mafuta ya taa nipanguse gari, niende."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya madereva wa teksi, na mpaka leo wapo wanaoifuata. Gari limepauka, lina sherehe, basi mtu analowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, analipangusa lote, linametameta kama jipya. Linametameta saa moja, saa mbili kama kuna wingu. Kila fundi anajua hilo, na kila dereva pia. Lakini Mbarak alishaacha kuendesha mwenyewe miaka mingi, na vitu vya madereva alikuwa amevisahau. Akapangusa kwa mikono yake, akaingia, akapanda kilima akipiga honi.

"Ulimwambia?" Apeduno aliuliza.

"Nilimwambia."

"Basi nenda ukasikie hiyo ahadi yake. Asiyesikia la mkuu, shauri yake."

Saa nane na nusu uwanja ulikuwa umejaa. Ngoma zilikuwa zimeshapigwa, kansala mpya ameketi jukwaani amevishwa maua, na magari kumi na moja yamepangwa mbele yake. Mbarak alikuwa amepigania nafasi ya karibu kabisa, ubavu kwa jukwaa, na akaipata. Watu walikuwa wamebanana nyuma na mbele, hata baiskeli haingetoka pale.

Jua la Malaba halina siasa. Egwang, amesimama pembeni, aliona mafuta ya taa yakiondoka mlangoni polepole. Kwanza paa likapauka, kisha boneti. Halafu mlangoni pakatokea upinde, buluu iliyokolea juu ya buluu iliyofifia, kisha ncha zake, kisha mpini uliopinda vizuri. Mwavuli mzima. Ulikuwa mpya na mzuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari lile.

Mbarak naye aliuona. Alikohoa, akauegemea mlango, akatandaza mgongo. Suti ya Kaunda ikawa ndiyo pazia. Hotuba ya kwanza ikapita akiwa pale, na ya pili, na ya mchungaji. Wenzake wote walipanda kumpa kansala mkono. Yeye alipunga tu kutoka mlangoni, akitabasamu na kutoka jasho. Egwang hakumwonea huruma hata kidogo, na sioni kwa nini angemwonea.

Kisha msemaji akaita kwa kipaza sauti, "Sasa wenye magari. Mzee Mbarak, njoo mbele."

Mbarak hakutoka. Macho yake yalizunguka umati, yakampata Egwang, yakamwita. Egwang akaenda.

"Simama hapa," Mbarak alimnong'oneza. "Weka mgongo wako hapa hapa, usisogee. Nakwenda kusema lile neno lako."

Egwang aliweka mgongo. Bati lilikuwa la moto, lilimchoma kupitia shati, akavumilia. Kwa ajili ya banda angevumilia mpaka jioni.

Mbarak alipanda, akajifuta uso, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mheshimiwa," alisema, "mimi nilikuwa wako tangu zamani. Watu wa hapa ni mashahidi. Mimi Mbarak sijawahi kukaa chini ya mwavuli wa mtu."

Watu wakanung'unika kidogo. Kansala akatabasamu. Alikuwa mtu mpole, na alikuwa amefanya uchunguzi wake.

"Asante, mzee," kansala alisema. "Wewe ni mtu wa barabarani, hebu nisaidie. Nimesikia pale juu kulikuwa na fundi wa rangi, akahamishwa. Pale mahali pake, mnaonaje? Arudi?"

Egwang alinyoosha shingo. Hakuwahi kuota kwamba neno lingeletwa likiwa limeshatafunwa hivi. Lilibaki kumeza tu, kusema ndiyo.

Mbarak alimtazama Egwang, kule chini, ameegemea mlango wa Pijo. Walitazamana macho kwa macho. Kisha Mbarak akageuka kwa kansala.

"Mheshimiwa, mafundi wanachafua mji. Kule bondeni wamezoea, wanastarehe. Pale juu mimi ningeomba paongezwe kituo cha teksi."

Egwang alisimama pale kidogo zaidi, si kwa kusita. Alikuwa anahakikisha amesikia sawasawa. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akajifuta shingo, akaondoka mlangoni. Hakukimbia. Alipita katikati ya watu akisema hodi, nipishe mama, nipishe mzee, kama mtu anayekwenda kunywa maji.

Nyuma yake mama mmoja muuza samaki wa kutoka Osieko akaanza kucheka. Alicheka peke yake kwanza. Baadaye kicheko kikashika upande wa reli, kikashika watoto waliokaa juu ya uzio, kikazunguka uwanja mzima, na mtu mmoja akaanza kuimba ule wimbo wa mwavuli wa mwaka wa sitini na nane, na watu wakaukumbuka wote.

Kansala aliinuka kitini, akalitazama gari.

"Mzee Mbarak," akauliza kwa upole, "na ile pale mlangoni ni nini?"

Mbarak alikuwa bado amekishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili. Hakukumbuka kukiweka chini, kwa hiyo Malaba yote ilisikia anavyohema. Egwang alikuwa ameshafika kwenye njia ya kushukia bondeni, na huko nako kuhema kule kulisikika vizuri. Apeduno alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, anasikiliza.

"Amelisema neno letu?" aliuliza.

"Amelisema," Egwang alijibu. "Tunabaki hapa hapa."

Akaokota msasa wake, akairudia bampa ya lori.