Kitambi cha Kona ya Tisa

Kwa miaka mia moja na ushei, barabara ile kuukuu ilipanda kutoka miji ya bondeni hadi jiji la juu kwa kona kumi na nne, kila kona ikishikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mikono, bila hata kijiko cha saruji. Waliojenga hawakuacha majina. Waliacha kazi, na kazi yenyewe inatisha: ukisimama chini ukatazama juu, shingo inauma kabla macho hayajafika mwisho.

Sasa ukuta wa kona ya tisa ulikuwa umeota kitambi. Mhandisi mkuu, bwana wa viatu safi, alikuwa ameshakata shauri: ubomolewe, barabara ifungwe moja kwa moja, watu wapite ile mpya ya upande wa pili. Ilibaki sahihi ya mkaguzi wa mawe tu, mwanamke ambaye mafundi walimwita Mama Timazi, kwa sababu bila ule uzi wake wenye chuma hakuamini hata mlango wa nyumba yake.

Alishusha timazi. Ukuta ulikuwa umetoka mbele kiganja kizima. Kisha akaona viraka vya saruji, vya mviringo, vimepangika kama vifungo vya shati. Vilikuwa vyake. Miaka ishirini nyuma, angali mwanagenzi, alitumwa kuupendezesha ukuta kwa ajili ya ugeni wa wakubwa. Akaona matundu, akakumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akayaziba yote thelathini na moja. Akasifiwa sana. Hakuna aliyemwambia, wala yeye hakuuliza, kwamba wenye kazi yao waliyaacha makusudi ili mlima upate pa kukojolea.

Angeweza kusaini akaenda zake. Saruji ingeondoka na kifusi, na aibu yake pamoja nayo. Alitamani, tusidanganyane.

"Mkubwa," alisema, "huu ukuta hauna ugonjwa. Mimi ndiye niliyeuziba pumzi."

Mhandisi alimuuliza kama anajua kwamba hilo litaandikwa. Akajibu anajua, akaomba patasi na nyundo.

Kiraka cha kwanza kilitoa vumbi. Cha pili vumbi vilevile, na mhandisi akatazama saa. Cha tatu kiliruka chenyewe. Maji yalitoka kwa kishindo, meusi, kisha mekundu, kisha maangavu, na ndani ya ukuta mawe yakaguna kama mtu aliyetua mzigo. Dereva wa lori lililokuwa likipanda alizima injini bila kuambiwa. Kufikia adhuhuri matundu yote yalikuwa yakimwaga, na watu wazima walisimama vinywa wazi, wameloa, hakuna aliyesogea. Mama Timazi alijiona mdogo kama sisimizi, na akafurahi kuwa mdogo.

"Kumbe walijua," mhandisi alisema polepole. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope.

Aliandika barabara isifungwe, ukuta upangwe upya jiwe kwa jiwe, matundu yabaki. Mama Timazi naye akajaza fomu yake. Palipoulizwa chanzo cha uharibifu, aliandika jina lake kamili, na la baba yake, kwa herufi kubwa. Katika jalada zima la ukuta ule, ndilo jina pekee la fundi.