Mwenye Filamu Ameketi Nyuma

Tangu Baba alipokataa kuitajia kamati ya Bunge majina ya rafiki zake waliowahi kuwa wakomunisti, hakuna studio ya Hollywood iliyothubutu kumpa kazi. Filamu yake ya mwisho aliiandika akijificha nyuma ya jina la Orville Tuttle, muuza viatu, aliyekwenda studio badala yake akiwa amekaririshwa kila neno la kusema.

Jumamosi ile studio iliionyesha filamu kwa majaribio huko Pasadena, ili kupima watazamaji wataipokeaje. Tulikata tiketi kama watu wengine, tukaketi nyuma, Baba akiwa ameshusha kofia hadi kwenye nyusi. Kilipofika kipande cha wafua nguo waliogoma, wanaosimama kimya mbele ya tajiri wao na mikono iliyobabuka kwa magadi, ukumbi mzima ulitulia. Baba aliubana mkono wangu hadi ukauma.

Baadaye, katika ukumbi wa mbele, sisi tukiwa tumesimama kando, Bwana Grimwald, mkuu wa studio, alimshika Tuttle bega.

"Tuttle, wale wanawake wanaosimama tu kama nguzo, nawakata. Wananuka Moscow."

Baba alikuwa amelitabiri hilo, akamfundisha Tuttle jibu. Tuttle akajikohoza, akainua kidole. "Bwana mkubwa, mtu aliyenyimwa kusema, mwache basi angalau asimame."

Tabasamu la Grimwald likakauka. "Hebu rudia."

Maskini Tuttle akarudia, neno kwa neno, na kidole juu vilevile kama alivyozoea Baba.

"Lo! Wewe muuza viatu umeanza lini kuhubiri? Maneno hayo, na kidole hicho, nimevivumilia ofisini kwangu miaka mingi. Kwa mtu mmoja tu."

Macho yake yakazunguka ukumbini hadi yakatua kwenye kofia ya Baba.

Waandishi wa habari walikuwa mlangoni. Neno moja tu la Grimwald kwao, na filamu ingefungiwa kabatini daima. Lakini fedha zilizomo zilikuwa za studio, na hasara ingekuwa yake. Grimwald akatujia kwa adabu iliyopita kiasi.

"Na wewe mzee, mtazamaji kama watazamaji wengine, wasemaje? Nikate?"

"Mwambie, Baba," nilinong'ona. "Mwambie ni yako!"

"Nyamaza, Leona." Kisha akamgeukia Grimwald. "Mimi nimelipa kiingilio tu, bwana. Ila pale ndipo watu walipoacha kutafuna bisi."

"Nimeona," Grimwald akajibu polepole. "Ndiyo maana nakata."

Akarudi kumpongeza Tuttle mbele ya wapiga picha.

Nilimfuata Baba hadi kwenye gari. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, isingebaki hata picha moja. Sasa watu wataona iliyobaki."

"Iliyobaki ni nini, Baba, bila wale wanawake?"

 Baba alikuwa akihangaika na mlango wa gari, ufunguo ukikataa kuingia, mpaka akaupiga mlango teke.