Nyanda Ndani ya Roketi

Jastin hajui Kiingereza. Kwenye banda lake la video hapa Sumbawanga hushika maikrofoni akatafsiri anavyotaka yeye. Jasusi wa Kizungu akipewa jina la mtu aliyekaa palepale benchi, watu hucheka mpaka mabati yanalia. Ndiyo maana banda linajaa.

Jumamosi ile mchumba wangu, Nyanda, alikaa benchi la mbele. Baba yangu, mzee Adolfu, alikaa nyuma karibu na mlango, nami pembeni yake. Mshenga alikuwa aje kesho yake kumalizia maneno. Nyanda ni Msukuma, kwa hiyo nilikuwa nimemfundisha adabu za nyumbani kwetu: mkwe hapitwi mbele, na alipo mkwe hupandishi sauti. Alizishika kuliko sisi wenyewe.

Picha ilikuwa ya jasusi aliyejificha ndani ya roketi ya adui.

"Jasusi wetu leo ni Nyanda!" Jastin akatangaza. "Malisho ya Rukwa yamemshinda, anakwenda kuchungia mwezini!"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, nikapumua. Mwaka jana alimkatalia Jastin kunioa, nikadhani yameisha.

Roketi ikaondoka na moto wake. Huko juu jasusi akakamatwa. Akatoa kidonge kwenye kola ya shati, akakimeza asije akatoa siri.

"Haa, saa ya dawa imefika," Jastin akasema, taratibu kabisa. "Nyanda anameza zile zake anazozifuata kliniki ya Kaengesa kila mwezi, asionekane mjini. Jamani, mkwe anajua?"

Kicheko kikakatika.

Nilitazama kisogo cha Nyanda. Njia ya kutokea ilipita mbele ya magoti ya Baba. Hakuinuka, wala hakupandisha sauti. Kwenye picha wakamsukuma jasusi nje ya roketi, akawa anaelea gizani, miguu juu.

"Kwaheri, Msukuma! Usisahau vidonge!"

Nikasimama. "Jastin! Na wewe uliyekuwa nyuma yake kwenye foleni hiyohiyo, mbona hujitaji? Ulimwomba asikuseme. Kaniambia mimi tu!"

Maikrofoni ikakoroma, ikanyamaza. Watu wote wakamgeukia Jastin. Aliyekaa jirani yake akasogea mbali. Nilifurahi, sikatai.

Kisha nikamsikia Baba.

"Kakuambia. Kumbe ulikuwa unajua."

"Baba, anameza vizuri, nesi alitueleza wote wawili kwamba..."

"Na kesho ungeniacha nimpokee mshenga, nicheke naye." Akachukua koti lake. "Mwambie mshenga asije. Twende nyumbani."

Kwenye picha Wazungu waliendelea kuongea wenyewe, hakuna wa kuwatafsiri. Nikageuka mlangoni. Nyanda alikuwa bado pale mbele, ameinamisha kichwa, anasubiri mkwe atoke kwanza.